Ukungu wa Nyambureti na Bei ya Kuufuta

Usiku ukitulia baada ya mvua, na mbingu zikawa wazi bila wingu la kuifunika ardhi, joto la udongo hupanda juu na hewa iliyo karibu na majani hupoa mpaka unyevu wake ugeuke matone. Alfajiri yake mtu wa Nyambureti akifungua mlango hauoni mti wa jirani. Ukungu umelala mabondeni, na sauti za wanyama zinasikika kabla ya wenyewe kuonekana. Jua likishapanda, unayeyuka. Mpiga picha ana saa mbili hivi, mara nyingi pungufu, za kupata picha ambayo mgeni anayesubiri chai ya hotelini haipati.

Nyambureti ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Mji wa karibu wa kununulia bando, betri na memori kadi ni Mugumu, makao makuu ya wilaya, na kutoka huko barabara zinakwenda kwenye malango ya hifadhi ya Ikoma na Tabora B. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Mkazi wa huku anaweza kuwa langoni saa hiyo hiyo, ukungu ukiwa bado mzito. Hiyo ni mali, na nataka vijana wanaoongoza watalii na wanaojifunza kamera katika wilaya hii waione kuwa ni mali.

Halafu picha inafunguliwa kwenye laptopu na moyo unashuka. Nyumbu waliokuwa wakichomoza mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, pembe kwanza na mabega baadaye, wamegeuka madoa ya kijivu juu ya kijivu. Hapo ndipo watu hufungua pochi. Programu moja inaahidi kufuta ukungu kwa mguso mmoja, nyingine inataka malipo ya kila mwezi, nyingine inauza leseni ya zaidi ya nusu milioni. Nimelinganisha machaguo hayo nikimfikiria mtu mwenye laptopu ya kawaida, umeme wa kukatika na bando la kuhesabu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kazi hii ya ukungu, tofauti kubwa ya ubora haiko kati ya programu ya bure na ya kulipia. Iko kati ya faili nzuri na faili mbovu.

Ili ujue unachonunua, lazima ujue ukungu umekufanyia nini. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona umbali wa kilomita moja. Matone yake ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo sababu ni mweupe. Moshi wa nyasi zinazoungua kiangazi una chembe ndogo zaidi, hutawanya buluu kuliko nyekundu, na picha zake huelekea buluu. Usizitibu hizo mbili kwa dawa moja.

Ukungu humfanyia mnyama mambo mawili kwa pamoja: huzuia sehemu ya mwanga wake usikufikie, na humtandika weupe wake juu. Na madhara hayo hayaongezeki polepole. Tuseme mita 50 za ukungu wa asubuhi fulani zinabakiza nusu ya tofauti ya mwanga na giza iliyokuwapo kwenye manyoya. Mita 100 zitabakiza robo. Mita 200 zitabakiza sehemu moja ya 16. Kwa hesabu hiyo, mnyama aliye mita 100 ana tofauti mara nne ya yule aliye mita 200, na hakuna leseni inayoweza kukuuzia mara nne hiyo. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuacha barabara ili kumfuata, lakini unaweza kuzima injini na kumsubiri asogee. Subira hiyo haina bei, na ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu.

La pili nalo ni la bure: piga faili ghafi, lile ambalo kwenye menyu ya kamera limeandikwa RAW. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi hulipia programu huku wakiipa programu hiyo faili la JPEG lililokwisha kukatwa mikono. JPEG ina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina 16,384. Sasa fikiria picha ya ukungu: haina nyeusi ya kweli, kila kitu kimejibana kati ya kijivu na nyeupe. Kama mnyama wako mzima amekaa ndani ya ngazi 60 za JPEG, na programu ikazinyoosha ngazi hizo 60 zijaze nafasi ya 256, mapengo yanajitokeza. Utayaona angani kama mistari ya ngazi na kwenye manyoya kama mabaka. Faili ghafi lina ngazi za kutosha kunyooshwa bila kuchanika.

Pamoja na hilo, ongeza mwanga kidogo unapopiga, theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja. Kamera hudhani dunia ina kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe wa ukungu huupunguza mwanga, na picha hutoka chafu kama maji ya kufulia. Ukiinua mwanga bila kuunguza weupe, unapunguza chembechembe kama mchanga zitakazojitokeza baadaye utakapovuta tofauti. Gharama ya yote haya ni nafasi tu. Faili ghafi moja likiwa na MB 25, kadi ya GB 64 hubeba zaidi ya 2,000. Kama una fedha ya kitu kimoja mwezi huu, nunua kadi ya pili kabla ya kulipia programu yoyote.

Sasa tuingie sokoni. Kabla ya duka lolote, angalia ulichokwisha kulipia. Aliyenunua Nikon ana haki ya kupakua NX Studio bure. Wa Canon ana Digital Photo Professional. Wa Sony ana Imaging Edge. Zote hufungua mafaili ghafi ya kamera za kampuni hizo na kukuruhusu kurekebisha mwanga, rangi na mkunjo wa tofauti. Kwa ukungu mwepesi zinatosha. Si za haraka, na kuchagua eneo moja la picha na kuliacha jingine si kazi inayozifaa sana, lakini kwa mwezi wa kwanza wa kujifunza sioni sababu ya kutafuta kingine.

Ukungu ukiwa mzito, chaguo langu ni darktable. Ni programu huria, haina malipo ya kuanzia wala ya kuendelea, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishawekwa haihitaji intaneti tena. Kwa mtu wa Nyambureti jambo hilo la mwisho ni sawa na fedha. Ndani yake kuna moduli mahsusi ya kuondoa ukungu. Msingi wake ni wazo lililochapishwa mwaka 2009 na Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang: katika picha isiyo na ukungu, karibu kila kipande kidogo kina angalau nukta moja yenye giza katika mojawapo ya rangi tatu, iwe kivuli, udongo au jani. Ukungu huinua giza hilo. Basi programu inapima limeinuliwa kiasi gani kipande kwa kipande, inakadiria unene wa weupe uliowekwa juu, kisha inautoa.

Ukilielewa wazo hilo, utajua pia litakapokosea. Korongo mweupe au mstari mweupe wa pundamilia aliye karibu unaweza kuonekana kwa programu kama ukungu mnene, kwa sababu kipande chake hakina giza. Anga tupu nalo huidanganya. Ndiyo maana nguvu ya darktable kwangu haipo kwenye moduli hiyo peke yake, bali kwenye uwezo wa kuifungia moduli yoyote eneo lake: unachora kuzunguka mwili wa mnyama, unalainisha mpaka, kisha ukungu unapungua hapo tu. Ina pia moduli ya kupunguza chembechembe iliyopimwa kwa modeli za kamera moja moja. Kitabu chake cha maelekezo kinapatikana bure.

Gharama yake ni muda. Ukiifungua siku ya kwanza utakutana na moduli nyingi kiasi cha kukata tamaa, baadhi zikifanya kazi zinazofanana. Nashauri ujifunze tano tu: ya mwangaza, ya mizani ya rangi, ya kuondoa ukungu, ya kupunguza chembechembe na ya kukata picha. Achana na nyingine kwa miezi mitatu. RawTherapee ni ndugu yake wa bure, nayo ina chombo cha ukungu, na wapo wanaouona mpangilio wake ni mwepesi zaidi. Zijaribu zote mbili. Hazikugharimu kitu zaidi ya bando la kupakua.

Upande wa kulipia, jina linalotajwa zaidi ni Lightroom ya Adobe, na sifa zake ni za kweli. Mstari wa kuvuta ulioandikwa Dehaze, ulioingia mwaka 2015, ni rahisi kuutumia. Tangu 2021 inaweza kumtambua mnyama na kumchagua yenyewe kwa mguso mmoja, kazi ambayo darktable unaifanya kwa mkono. Tangu Aprili 2023 ina kipunguza chembechembe kinachotumia akili unde, na katika picha za ukungu kinasaidia sana. Kumbuka tu kwamba hicho kinataka kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro. Kwenye laptopu ya kawaida picha moja inaweza kukuweka dakika nyingi ukisubiri, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Bei sasa. Mpango wa Lightroom wenye hifadhi ya TB 1 ulitangazwa Marekani mwaka 2025 kwa dola 11.99 kwa mwezi. Nikihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni karibu shilingi 30,000 kwa mwezi, au karibu 360,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2022 sheria yetu inawataka watoa huduma za kielektroniki wa nje nao watoze VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Ikijumlishwa kwa kiwango hicho, mwaka unafika karibu shilingi 424,000. Kulipa si kikwazo tena kama zamani, kadi ya mtandaoni ya Visa kupitia M-Pesa inakubalika kwenye malipo mengi ya nje. Kikwazo ni mkataba. Bei hiyo ni ya makubaliano ya mwaka mzima yanayolipwa mwezi kwa mwezi. Ukijitoa ndani ya siku 14 unarudishiwa fedha. Ukijitoa baada ya hapo unatozwa nusu ya miezi iliyobaki. Aliyelipa miezi mitatu akaacha anadaiwa nusu ya dola 107.91, yaani karibu shilingi 135,000, kwa kitu ambacho hatakitumia. Utaratibu huo ndio uliofanya serikali ya Marekani, kwa hatua ya tume yake inayosimamia haki za wateja, FTC, iishitaki Adobe mwezi Juni 2024 ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa. Soma masharti kabla ya kuweka namba ya kadi.

Kuna gharama ya pili ambayo haimo kwenye tangazo. Lightroom inayotegemea hifadhi ya mtandaoni, ukiiacha ifanye kazi kwa mtindo wake wa kawaida, hupandisha mafaili yako asilia. Asubuhi moja yenye picha 300 za MB 25 ni GB 7.5. Zidisha kwa bei ya bando unalonunua wewe Mugumu, halafu kwa idadi ya asubuhi unazotoka kwa mwezi. Kwa baadhi ya watu kiasi hicho kitazidi bei ya programu yenyewe. Na siku ukiacha kulipa, picha zako za mtandaoni hutunzwa kwa muda tu, na vyombo vya kuhariri hufungwa.

Kati ya pande hizo mbili kulitokea mabadiliko ambayo wengi bado hawajayasikia. Affinity, iliyokuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tarehe 30 Oktoba 2025 ikaanza kutolewa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Ina kichujio cha kuondoa ukungu na uwezo mkubwa wa kuchagua maeneo. Vyombo vya akili unde ndivyo vimebaki kwa wanaolipa. Sikuiweka mbele ya darktable kwa sababu haikusaidii kupanga na kuchuja mamia ya picha, na kwa sababu kitu kinachotolewa bure na kampuni kinaweza kubadilishiwa masharti na kampuni hiyo. Kwa picha moja ya kuchapishwa au ya kuuza, ni chombo kizuri.

DxO PhotoLab inauzwa kwa zaidi ya dola 200 kwa mara moja, yaani zaidi ya shilingi 500,000. Kipunguza chembechembe chake kinasifiwa, na kina chombo chake cha kukata ukungu. Ni ya mtu anayeishi kwa picha. Kwa anayeanza, siipendekezi.

Na simu? Wengi wetu kamera yetu ni simu, na sioni aibu hapo. Snapseed, inayomilikiwa na Google tangu 2012, ni bure, haina mkataba, na kwenye Android hufungua mafaili ghafi ya DNG kama simu yako inaweza kuyapiga. Humo si lazima utegemee kitufe kimoja cha ukungu. Shusha sehemu za giza kwa kutumia mkunjo, ongeza tofauti kidogo, kisha tumia brashi kuiweka kazi hiyo kwa mnyama tu na kuiondoa nyuma yake. Lightroom ya simu nayo ina sehemu ya bure kwa kazi za msingi, lakini kuhariri faili ghafi na kuchagua maeneo viko upande wa kulipia, na kwa picha za ukungu hivyo viwili ndivyo unavyovihitaji. Kwa simu, basi, Snapseed inashinda.

Niseme pia kuhusu nakala zilizovunjwa leseni, zile zinazopitishwa kwa flashi kwa shilingi elfu chache. Ni wizi, na zaidi ya hapo ni hatari kwa mali yako mwenyewe. Programu iliyofunguliwa na mtu usiyemjua inaweza kubeba virusi vya kufunga mafaili yote na kudai fidia. Picha za misimu mitatu ya nyumbu huwezi kuzipiga tena. Palipo na darktable ya bure hakuna haja ya kuingia kwenye hatari hiyo.

Chochote utakachochagua, uamuzi mkubwa unabaki mkononi mwako: utoe ukungu kiasi gani? Hapa ndipo naona picha nzuri zikiharibiwa kila siku. Mtu anavuta mstari mpaka mwisho. Vivuli vinageuka buluu, nyasi zinakuwa za kijani cha rangi ya dukani, mnyama anazungukwa na mpaka mweupe, na nyuma yake panajaa chembechembe kama mchanga. Programu haiwezi kurudisha kile ambacho kamera haikukipokea; ikivutwa kupita kiasi inakuza makosa. Zile zinazojenga manyoya kwa akili unde ni mbaya zaidi, kwa sababu zinabuni. Tembo mwenye mikunjo ambayo hakuwa nayo si tembo uliyemwona.

Mimi hushauri kuanza na robo ya nguvu, kwa mnyama peke yake. Jicho lipate giza lake, pembe ipate ukingo wake. Miti ya nyuma iache ndani ya weupe, kwa sababu weupe huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ilikuwa asubuhi, kwamba kulikuwa na baridi, na kwamba kuna wanyama wengine zaidi ya hapo wasioonekana. Ukiufuta wote unabaki na picha ya kawaida ya mchana wa mawingu. Kisha ondoka kwenye skrini, rudi baada ya nusu saa, uitazame upya; mara nyingi utaupunguza tena.

Kwa wenye ndoto ya mashindano, shindano la Wildlife Photographer of the Year, lililoanza mwaka 1965 na ambalo sasa linaendeshwa na jumba la makumbusho ya viumbe asilia la London, hudai faili ghafi kutoka kwa waliofika hatua za juu, na hulilinganisha na picha iliyotumwa. Kurekebisha mwanga na tofauti kunaruhusiwa. Kuongeza au kuondoa kitu hakuruhusiwi. Kwa hiyo usifute mafaili ghafi baada ya kuhariri, hata kadi ikijaa. Yaweke kwenye diski mbili, na moja ikae nyumba nyingine.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye simu atumie Snapseed. Mwenye kamera na laptopu yenye RAM ya GB 8 aweke darktable, ajipe miezi mitatu, na fedha aliyokusudia kulipia programu anunue kadi na diski ya akiba. Lightroom ianze pale wateja wako watakapokuwa wakikulipa kila mwezi, na muda wa kuchagua mnyama kwa mkono ukawa unakukosesha kazi nyingine; hapo shilingi 30,000 zina maana, na kabla ya hapo hazina. Affinity ipakue sasa kwa ajili ya picha chache za kuchapisha. DxO, kwa ukungu wa Nyambureti, usiinunue.